Maji ya tangawizi na shamari kwa tumbo linalojaa gesi: vipimo, namna ya kuchemsha, na nani asiyanywe

Mzigo_Bandarini

Wakuu, habari za jioni.

Naomba vipimo vinavyoeleweka vya maji ya viungo kwa mtu mzima ambaye tumbo lake hujaa gesi saa moja au mbili baada ya kula, zaidi siku za maharage, kunde na ugali wa usiku. Si mjamzito, hana kisukari, presha iko sawa, hana dawa ya kila siku. Kiungulia humjia mara mojamoja.

Maelekezo yanayozunguka kwenye simu yanasema chemsha pamoja tangawizi, vitunguu saumu, ndimu, mdalasini, karafuu na majani ya mwarobaini, chuja, tia asali, kunywa glasi asubuhi na jioni. Hakuna anayetaja gramu wala lita. Vipimo vyote ni "kiasi" na "kidogo". Wengine wanaongeza sanamaki "ili kusafisha tumbo".

Nataka kujua: lita moja ya maji inachukua nini na nini, kipi kichemshwe na kipi kiloweshwe tu, yanywewe kabla ya mlo au baada yake, na mtu aendelee kwa siku ngapi. Tena, kuna kitu kwenye mchanganyiko huo kinachogombana na kiungulia?

---

Kinu_na_Mchi

Mkuu, anza kwa kupunguza. Sufuria hiyo imebeba vitu vyenye kazi tofauti, na viwili kati yake vinaweza kuongeza gesi ileile unayoikimbia.

Cha kwanza ni vitunguu saumu. Vina fruktani, aina ya wanga ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuivunja. Inateremka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaichachusha, na gesi inazaliwa. Fruktani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha vitunguu saumu halafu ukavichuja, umetupa makapi na kubaki na kilichokusumbua. Cha pili ni asali. Kati ya sukari zake mbili kuu, mara nyingi fruktosi ni nyingi kuliko glukosi, na wapo watu wengi ambao utumbo wao haumalizi kuifyonza hiyo ziada. Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe si tatizo kwa wengi, lakini vijiko vitatu vya chakula vitamrudisha mtu alikotoka.

Kwa gesi ya baada ya mlo, viungo vitatu vinatosha. Chukua maji lita 1 na robo kikombe, hiyo robo ni ya kufidia mvuke.

Tangawizi mbichi gramu 20, kama kidole gumba cha mtu mzima. Isugue kwa brashi chini ya maji. Ganda likiwa safi halina haja ya kumenywa. Kata vipande vyembamba kama sarafu. Maji yakichemka itie, funika, punguza moto hadi yawe yanatokota taratibu, na uhesabu dakika 10. Ukiiacha nusu saa hupati faida ya ziada ila ukali, na ukali huo ndio unaowachoma wenye kiungulia.

Zima moto. Sasa ndipo shamari inaingia, vijiko vya chai 4 visivyorundikwa, takriban gramu 8. Itwange saa hiyohiyo mpaka kila punje ipasuke, ila isifike kuwa unga. Fuatisha iliki 6 zilizopondwa na maganda yake. Funika kwa mfuniko unaobana, dakika 15, kisha chuja. Sababu ya kuzima moto kwanza ni kwamba nguvu ya shamari iko kwenye mafuta yake yanayoruka, hasa anetholi. Ukichemsha bila mfuniko, harufu tamu inayojaa jikoni ndiyo ile uliyokusudia kuinywa. Na usipotwanga, mafuta hubaki yamefungwa ndani ya punje. Utakunywa maji ya rangi ya majani makavu na kudai shamari haifanyi kazi.

Sokoni shamari na bizari nyembamba hufanana kwa mbali. Shamari ni nene kidogo, ya kijani kilichofifia, na ukiitafuna ni tamu. Bizari nyembamba ni ya kahawia, nyembamba kweli, ina uchungu wa mbali na harufu ya pilau. Zote mbili husaidia gesi. Siku ya maharage unaweza kutoa vijiko 2 vya shamari na kuweka kimoja cha bizari nyembamba. Usinunue iliyokwisha sagwa, kwa sababu huwezi kujua ilisagwa lini. Sugua punje chache kati ya viganja, na kama hazinukii mara moja, ziache hapo kwa muuzaji.

Kunywa kikombe kimoja cha robo lita, vuguvugu, dakika 20 hadi 30 baada ya mlo, kwa mafunda madogo. Vikombe 3 kwa siku ndiyo mwisho. Mwongozo wa Shirika la Dawa la Ulaya kwa shamari chungu na tamu unataja gramu 1.5 hadi 2.5 zilizopondwa kwa robo lita ya maji ya moto, dakika 15, mara 3 kwa siku, bila kuzidi wiki 2. Vipimo nilivyotoa vinaangukia humo, gramu 2 kwa kikombe. Wiki 2 zikipita bila nafuu, tatizo haliko kwenye vipimo na kuongeza shamari hakutasaidia.

Mwenye tatizo la chakula kukaa muda mrefu tumboni, yaani anashiba kwa matonge machache na tumbo linakuwa zito, tangawizi peke yake dakika 15 kabla ya kula humfaa zaidi. Tangawizi huharakisha tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, na ikitangulia inakuta kazi ndiyo inaanza.

Kuhusu chombo: sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Kwa maji, tangawizi na shamari hazina shida. Ukikamulia ndimu au kutia ukwaju humo ndani na kuchemsha, asidi inakula alumini, sufuria inang'aa na maji yanapata ladha ya chuma. Ndimu ikamulie kikombeni, au tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakoharibikiwa. Maji haya hayana kihifadhi chochote. Kwa joto la Dar au Mombasa, yaliyopikwa asubuhi yasivuke jioni ya siku hiyo. Kwenye friji, siku 2 au 3 ndani ya chupa ya kioo iliyochemshwa. Asali usiitie kwenye chupa, itie kikombeni wakati wa kunywa, maana asali iliyozimuliwa kwa maji huchachuka haraka. Ukifungua chupa ikapiga kelele kama soda, mwaga.

---

Mfamasia_wa_Zamu

Nimeridhika na vipimo vya Kinu. Naongeza upande wa tahadhari, maana swali la kiungulia halijajibiwa sawasawa.

Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko. Kiungulia huja pale unapolegea, asidi ikapanda. Nanaa huulegeza msuli huo, kwa hiyo chai ya nanaa inayomsaidia mwenye msokoto wa utumbo inaweza kumwunguza mwenye kiungulia. Ndimu na siki huongeza asidi mahali ambapo pameshachubuka. Pilipili manga na karafuu nyingi huwasha. Kwa mlengwa wa swali, siku ambayo kiungulia kipo, apunguze tangawizi iwe gramu 10 kwa lita, aache ndimu, na asilale kabla ya saa 3 kupita tangu mlo wa usiku. Kuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali ya sentimita 15 kunasaidia kuliko kulundika mito, kwa sababu mito hukunja tumbo.

Na tafadhali msitibu kiungulia kwa maji ya magadi kila siku. Unacheua, unapata nafuu ya dakika chache, lakini umekunywa sodiamu nyingi, ambayo ni hatari kwa mwenye presha au figo. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza pia kuwa na floridi nyingi, ileile inayofanya meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia.

Sanamaki. Hii ni dawa ya kufungua choo, wala haina kazi na gesi. Viini vyake vinapita tumboni na utumbo mwembamba bila kufanya kitu, vinafika utumbo mpana, bakteria wanavibadili, ndipo utumbo unaanza kusukuma na kuacha kufyonza maji. Ndiyo maana matokeo huja saa 6 hadi 12 baadaye, na ndiyo maana hunywewa usiku. Kosa linalotokea kila mara ni hili: mtu amekunywa saa 2 usiku, saa 4 haoni kitu, anaongeza kikombe. Asubuhi anaharisha hadi miguu inatetemeka. Kwa mtu mzima mwenye choo kigumu, gramu 1 ya majani makavu kwa kikombe inatosha, mara 2 au 3 kwa wiki, isizidi wiki moja. Ikinywewa kila siku kwa miezi, potasiamu inapungua mwilini, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, au dawa za kukojosha maji asiiguse bila kumwuliza daktari. Watoto chini ya miaka 12, hapana. Mwenye maumivu makali ya tumbo ambayo hayajajulikana chanzo, hapana kabisa. Kama utumbo umeziba, kuusukuma ni kuupasua.

Shubiri iko kundi hilohilo. Ule utomvu wa njano chini ya ganda ndio unaoharisha. Marekani ilizitoa dawa za kuharisha za shubiri kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Anayetaka ute wa ndani akate jani, alisimamishe robo saa utomvu utiririke, amenye, asuuze.

Mwarobaini uondoe kabisa kwenye maji ya kila siku. Uchungu huamsha mate na majimaji ya tumbo, hilo ni kweli, lakini mwarobaini unaweza kushusha sukari kwa anayekunywa dawa za kisukari, haumfai mjamzito wala anayetafuta mimba, na mafuta ya mbegu zake yamewahi kusababisha sumu mbaya kwa watoto wachanga waliopewa kama dawa.

Mdalasini: angalia kijiti. Ule wa Zanzibar na Sri Lanka una matabaka mengi membamba kama sigara ya karatasi, unavunjika kwa vidole. Kasia ni ganda moja nene, gumu, lililojikunja pande mbili. Kasia ina kumarini nyingi, na kumarini kwa wingi huumiza ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka ukomo wa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku; mtu wa kilo 60 anaufikia kwa takriban gramu 2 za unga wa kasia, yaani hata kijiko cha chai hakijajaa. Kijiti kimoja chembamba cha mdalasini wa kweli kwenye lita moja hakina neno.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze tangawizi, shamari wala vitunguu saumu kwa kiwango cha dawa bila kupima damu yake. Anayekunywa vidonge vya madini ya chuma aviweke mbali na chai ya majani kwa saa 1 au 2, kwa sababu tanini inayazuia.

Sasa lililo zito. Baadhi ya wanaosema "gesi" wana vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Hakuna maji ya viungo yanayomtoa bakteria huyo. Anahitaji antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana naye, hakikuambii kama bado yupo. Kabla ya kipimo cha choo au pumzi, omeprazoli, ambayo ni dawa ya kupunguza asidi, isimame wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yatasema hakuna na kumbe yupo. Wasiliana na daktari kabla ya kuisimamisha.

Choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kikimezwa, macho kuwa ya njano: hapo hakuna kuchemsha kitu, ni hospitali siku hiyohiyo.

---

Jiko_la_Pwani

Wakuu mmeanzia kikombeni, mimi naanzia chunguni. Gesi ya maharage inatoka kwenye rafinosi na stakiosi, sukari ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja. Sehemu yake inatoka kwa kuloweka. Maharage kilo 1 kwa maji lita 3, saa 8 hadi 12. Kwenye joto badilisha maji mara moja katikati, yasije yakachacha. Mwaga maji ya kulowekea, suuza, chemsha kwa maji mapya dakika 10, mwaga tena, ndipo upike moja kwa moja hadi yaive. Watu wanayahurumia yale maji kwa sababu yana rangi. Yamwage tu.

Chemsha kwa nguvu zile dakika 10, usipike kwa moto mdogo tangu mwanzo. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoitwa lektini na moto hafifu hauiui. Mtu anatapika na kuharisha kisha anasema maharage yana gesi.

Mvuje nao, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, usisahauliwe. Kipande kama punje ya mchele, kikaange sekunde chache kwenye mafuta kabla ya kitunguu, kwa sufuria ya watu 6. Ukizidisha, nyumba nzima itanuka na mboga itakuwa chungu.

---

Mama_Ilala2

Naomba kuuliza hapohapo. Mtoto wa miezi 3 anajinyonganyonga na kulia jioni, watu wazima wanasema ni mchango, apewe kijiko cha maji ya shamari au ya mzizi. Haya ya kwenye uzi huu yakizimuliwa sana yanafaa?

---

Mfamasia_wa_Zamu

Hapana dada, hata kijiko. Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, na huo ndio msimamo wa Shirika la Afya Duniani. Tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na maji yakiwa na vimelea anaharisha. Shamari ina kiini cha estragoli ambacho kwa watoto wadogo hakishauriwi, na asali chini ya mwaka 1 inaweza kuleta sumu ya botulizimu inayolegeza misuli hadi ya kupumua.

Kilio cha jioni ambacho mtoto ananyonya vizuri na uzito unapanda kwa kawaida huanza wiki ya 2 au 3, hufika kileleni karibu wiki ya 6, na hupungua miezi 3 hadi 4. Hakikisha anashika chuchu pamoja na sehemu nyeusi inayoizunguka ili asimeze hewa, msimamishe begani dakika 10 hadi 15 baada ya kunyonya, mlaze chali ukunje magoti yake kuelekea tumboni kama anaendesha baiskeli. Akitapika kijani, akiwa na homa, akiwa na damu kwenye choo, au akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya usiku huohuo.

---

Mzigo_Bandarini

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: kuna chupa za "dawa ya tumbo" zinauzwa stendi na masokoni, lebo inasema mitishamba 12 au zaidi. Asiye na muda wa kuchemsha azichukulieje?

---

Kinu_na_Mchi

Mkuu, soma lebo kama unavyosoma mkataba. Itaje kila mmea kwa jina na kiasi chake, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina na mahali alipo mtengenezaji, na namba ya usajili. Tanzania dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa Sheria namba 23 ya mwaka 2002. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Namba ikiwepo, iulizie ofisi husika, maana kuichapa kwenye karatasi ni rahisi.

Ikiwa lebo inasema "mitishamba 12" bila kuitaja, weka chini. Ikiwa muuzaji anasema "utaharisha uchafu siku 3 halafu utakuwa mwepesi", humo kuna sanamaki, shubiri au kitu cha aina hiyo, na Mfamasia ameshaeleza mwisho wake. Ikiwa chupa imevimba kitako au kifuniko, imechachuka.

Asiye na muda achukue njia fupi: Jumapili pima shamari gramu 2 kwenye vikaratasi 14, usiitwange. Kazini ponda karatasi moja kwa kitako cha kikombe, mwagia maji ya moto, funika kwa sahani dakika 15. Tangawizi mbichi ikate vipande vya gramu 5, igandishe kwenye friza, na kila kimoja kitie kikombeni bila kukiyeyusha kwanza.

---

Jiko_la_Pwani

Kinu, kwenye vikaratasi hivyo waambie wasiweke karibu na kahawa au sabuni. Shamari hunyonya harufu. Kopo la bati lenye mfuniko ni bora kuliko mfuko wa nailoni.